Msafiri Asiye na Mwenyeji

Wazee wetu walisema tembea uone. Ni agizo zuri, wala hakuna mwenye akili anayelipinga, kwani aliyekaa mahali pamoja maisha yake yote hudhani kuwa chungu cha mama yake ndicho kikubwa kuliko vyungu vyote duniani. Lakini wazee hawakusema tutembee namna gani, wala tukaone nini, na hapo ndipo penye mazungumzo yetu ya leo. Je, zile safari za meli za starehe, ambazo mtu hulipa fedha zake ili azungushwe baharini kwa juma moja au mawili, ale, alale, aogelee, kisha arudishwe bandari ile ile aliyoondokea, zina thamani? Zinamstahili mtu anayetaka kuitumia mali yake na umri wake vizuri?

Huenda ukacheka na kusema: sisi na meli hizo wapi na wapi? Subiri kidogo. Swali hili sikulikuta Ulaya wala Marekani. Nililikuta Nyambureti.

Nyambureti iko katika wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, ambayo makao yake makuu ni Mugumu. Ni nchi ya ng'ombe, mahindi, mihogo na ulezi. Bahari iko mbali kabisa. Maji makubwa yaliyo jirani ni yale ya Ziwa Viktoria, kule Musoma. Ndani ya wilaya hiyo hiyo imo sehemu ya hifadhi ya Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ambayo watu hupanda ndege kutoka pembe zote za dunia kuja kuitazama. Mwaka jana nilikuwa mgeni huko kwa siku chache, nyumbani kwa mzee mmoja ambaye mwanawe tulisoma naye. Mwana huyo sasa yuko Uingereza, ana mke na watoto wawili, na kazi yake ni kuwahudumia wazee wa watu usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Babu hajawahi kuwaona wajukuu wake ila kwenye simu.

Jioni moja mwana akapiga simu. Akamjulisha baba yake kwa adabu kwamba mwaka huu hawatakuja. Watoto wameomba safari ya meli, siku saba katika Bahari ya Mediterania, na mama yao ameafiki. Mwakani, Mungu akipenda. Mzee akaitikia, akamwombea heri, akazima simu. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, hiyo meli inakwenda wapi?"

Nikamweleza: inatoka bandari moja, inapita nyingine nne au tano, halafu inarudi pale pale ilipotoka.

"Basi inakwenda kufanya nini?"

Ndugu msomaji, nilikosa jibu. Na kwa kuwa sikuwa na jibu usiku ule, nimelitafuta tangu siku hiyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza hebu tuziangalie meli zenyewe, tusije tukahukumu tusichokijua. Iliyo kubwa kuliko zote ilipoanza kuchukua abiria, mwezi wa Januari 2024 kutoka Miami, inaitwa Icon of the Seas. Urefu wake ni mita 365. Inaweza kuchukua abiria 7,600, na watumishi wake ni 2,350. Ndani yake mna mabwawa saba ya kuogelea, mna ukumbi wa kutelezea juu ya barafu, na hiyo ni meli inayoelea katika bahari za joto! Mwenye kupanda humo hahitaji kitu chochote cha nje. Chakula kimo, daktari yumo, duka limo, mchezo umo. Kwa hakika huo ni mji kamili, ila ni mji usio na makaburi wala mashamba, nao wenyeji wake hubadilika kila juma.

Mtu atauliza, kuna ubaya gani? Mwili una haki yake ya kupumzika, na dini haikumkataza mtu kufurahi na watoto wake. Hilo ni kweli na mimi sina ugomvi nalo. Tena nitakwenda mbele zaidi niseme kuwa yuko mtu ambaye safari hii kwake ni rehema tupu. Mwanamke mzee asiyeweza kutembea, anayesukumwa katika kiti cha magurudumu, atauonaje mji wa Istanbul au kisiwa cha Krete? Treni zina ngazi, mabasi yana vipandio, hoteli zinahitaji kuhamahama na mizigo. Katika meli anaingia chumbani mara moja, na miji ndiyo inayomjia dirishani. Asiyemwonea furaha mtu kama huyo, basi moyo wake una kasoro.

Lakini wengi wanaopanda meli hizi si vilema. Kwao swali la mzee wa Nyambureti bado limesimama: inakwenda kufanya nini?

Zamani kidogo mzee huyu naye alipanda meli. Unajua, wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, kulikuwa na meli iliyoitwa Victoria. Iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaunganishwa huko, na mwaka 1961 ikaanza kazi ya kuzungukia bandari za ziwa: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, na upande wa Uganda. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 meli hiyo ikabaki Tanzania, na baada ya kukarabatiwa ikarudi kazini mwaka 2020 kwenye njia ya Mwanza na Bukoba. Basi mzee, akiwa kijana, alipanda Victoria pale Musoma kwenda Kisumu kutafuta kazi. Alikuwa daraja la tatu. Alilala juu ya magunia ya watu, akatapika, akaibiwa viatu kimoja. Nasema kimoja, kwa sababu mwizi aliamshwa kabla ya kumaliza kazi yake! Na aliyemwamsha mwizi huyo kwa kelele alikuwa Mjaluo mmoja ambaye hawakuwahi kuonana kabla ya usiku ule. Wakafika Kisumu pamoja, kijana akalala kwa yule Mjaluo majuma matatu, na urafiki wao ukadumu mpaka kifo kilipowatenganisha.

Nilipoisikia hadithi hii nilifurahi, nikaona nimepata somo langu: safari ya shida huwaunganisha watu, safari ya anasa huwatenga. Nikaanza kumweleza mzee maneno hayo. Akanikatiza. Akasema, kule juu, daraja la kwanza, kulikuwa na vitanda vyenye shuka nyeupe, na kama angekuwa na fedha angelala huko juu wala asingeshuka kumtafuta Mjaluo yeyote.

Namshukuru kwa ukweli wake, kwani sisi waandishi tunapenda sana kuusifu umaskini ambao hatulali ndani yake. Na tukumbuke kuwa shida ya ziwani haikuwa ya kulalia magunia tu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia kwa mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, na watu 228 wakapotea. Anayekwenda kwa meli salama, yenye maboya ya kutosha na idadi ya abiria inayojulikana, hana la kuonea haya. Haya tumwachie aliyejaza watu kama magunia.

Kwa hiyo tofauti ninayoitafuta haiko katika shuka nyeupe. Iko wapi basi?

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta aliifikia pwani yetu. Ameeleza jambo moja kuhusu Mogadishu ambalo mimi huona ni la ajabu kuliko misikiti na masultani wote aliowataja. Meli ilipokuwa ikikaribia, vijana wa mji walikuja kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa sahani hiyo mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hashukii popote ila nyumbani kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye humuuzia na kumnunulia. Bila shaka biashara ilikuwamo. Wala tusiwafanye wazee wa Mogadishu kuwa malaika. Lakini hakuna aliyeshuka melini ila alikuwa na mtu. Alikuwa na jina la kutaja barabarani akiulizwa.

Sasa linganisha, ewe msomaji. Meli ya starehe inapotia nanga Unguja au Mombasa, abiria hushuka asubuhi wakiwa wamekwisha kunywa chai yao, tena chai waliyoilipia mbele. Huzungushwa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe au Ngome ya Yesu, hununua kofia au kinyago, hupiga picha, na kabla ya magharibi wamerudi melini kwa chakula cha usiku, hali ya kuwa wauza samaki wa Forodhani ndiyo kwanza wanawasha taa zao. Kuna methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja na chakula chake, na kitanda chake, na ngoma yake. Mwenyeji atapona kwa nini?

Sitaki kusema hapati chochote. Tarehe 5 Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli ya starehe Seabourn Spirit nje ya pwani ya Somalia, ikiwa njiani kwenda Mombasa, na katika miaka iliyofuata meli za namna hiyo zilipungua sana katika bandari hiyo. Mwenye teksi na mchonga vinyago wa Mombasa waliuona upungufu huo mifukoni mwao. Kidogo kinachopatikana ni kitu kwa asiye na kitu. Ila tuseme wazi ni kidogo, kwa sababu meli imeundwa makusudi ili fedha za msafiri zibaki ndani yake.

Na mwezi wa Machi 2024 likatokea tukio moja linaloonyesha jambo hili kuliko maelezo yangu yote. Abiria wanane wa meli iitwayo Norwegian Dawn walichelewa kurudi kutoka matembezini kisiwani São Tomé. Walipofika pwani, meli ilikuwa bado inaonekana pale ilipotia nanga. Walinzi wa pwani wa kisiwa kile wakawachukua kwa mashua yao hadi ubavuni mwa meli. Meli ikakataa kuwapakia, kwani muda uliowekwa ulikuwa umekwisha. Ikang'oa nanga, nao wakalazimika kuifuata nchi hadi nchi kwa ndege na kwa magari. Wenye meli walikuwa na kanuni zao, na huenda kwa kanuni walikuwa sawa. Lakini tazama ni nani aliyewaongoja na ni nani aliyewaacha! Waliolipwa hawakungoja. Wasiolipwa walitoa mashua.

Tena kuna watu ambao abiria huwaona kila siku asije akawajua. Wale watumishi elfu mbili na zaidi, wengi wao kutoka Ufilipino, Indonesia na India, hukaa kazini miezi sita, minane, hata zaidi, kila siku bila ya siku ya mapumziko, ili wengine wapumzike. Meli nyingi za namna hii hubeba bendera ya Bahamas au Panama ingawa wenyewe ni matajiri wa Miami, na sababu haijifichi: bendera ndiyo huamua sheria ya kazi na kodi. Na bahari nayo ina haki. Mwaka 2016 kampuni ya Princess ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kuwa ilimwaga maji machafu yenye mafuta baharini kwa bomba la siri na kuficha jambo hilo, ikatozwa dola milioni 40. Nakumbuka mzee aliuliza, "Kwani walikuwa hawawezi kungoja wafike bandarini?" Walikuwa wanaweza. Ilikuwa ni gharama tu.

Nadhani hadi hapa umekwisha kujua ninakoelekea, na labda unaniona nimekwisha kumhukumu yule ndugu yetu wa Uingereza. Mimi pia nilidhani hivyo. Nikampigia simu, nikiwa na maneno makali mdomoni: wewe unawaogesha wazee wa watu usiku kucha, baba yako mwenyewe hujamwona miaka sita, na fedha unawapelekea wenye mabwawa saba!

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno matatu ambayo sikuwa nimeyafikiri.

La kwanza, nauli ya watu wanne kutoka kwake mpaka Mwanza ni kubwa kuliko bei ya meli ile kwa siku saba, chakula kikiwa ndani. Sikuamini, nikauliza wengine, ni kweli. La pili, watoto wake hawakumwomba bahari, walimwomba baba. Kwa kazi ya usiku yeye hulala wanapoamka na huamka wanapolala, na melini hakuna zamu. La tatu alilisema taratibu. Akasema, "Kaka, nikija Nyambureti sipumziki. Siku ya kwanza wanakuja kunisalimu. Siku ya pili kila aliyenisalimu anarudi peke yake. Huyu karo ya mwanawe, huyu bati, huyu mgonjwa wake yuko hospitali. Wote wana haki, na wote nawapenda. Nikiondoka nimebaki na deni la miaka miwili. Melini hakuna anayenijua. Hakuna anayeniomba kitu."

Ndugu msomaji, soma tena maneno hayo, maana hapo ndipo swali letu lilipogeuka. Mimi nimekuwa nikilaumu meli kwa kuwa msafiri wake hana mwenyeji. Kumbe yeye anailipia kwa sababu hiyo hiyo! Amechoka na wenyeji. Na wenyeji wenyewe ni nani, kama si mimi na wewe? Ni nani kati yetu ambaye ndugu yake ametoka Ulaya, au Maskati, au hata Dar es Salaam tu, asihesabu mizigo yake kabla hajamuuliza hali? Tumemfanya mgeni kuwa ng'ombe wa maziwa, kisha tunashangaa akitafuta zizi lisilo na mkamuaji.

Sisemi haja za watu ni za uongo. Karo ni karo, na mgonjwa hangoji. Kumsaidia jamaa ni wajibu, na mwenye kukimbia wajibu huo kila mwaka kwa kisingizio cha uchovu atakuja kuulizwa. Lakini msaada una wakati wake. Unaweza kupelekwa kwa njia ya simu Januari au Juni, bila ya kumvamia mtu kitandani asubuhi ya kwanza aliyolala kwa baba yake.

Kwa hiyo, ukiniuliza rai yangu, nitaitoa bila kuzunguka. Safari ya meli ya starehe, kwa mtu mwenye miguu yake na jamaa zake, haistahili gharama yake. Si kwa kuwa ni haramu, wala si kwa kuwa starehe ni dhambi. Ni kwa sababu inakuuzia nchi tano na kukunyima watu wa nchi zote tano, na siku ya nane unashuka ukiwa yule yule uliyepanda, umeongezeka uzito tu. Na kwa mtu kama ndugu yetu huyu, nasema haistahili kuliko kumwona baba yake. Lakini sithubutu kusema kuwa haistahili kuliko safari ya Nyambureti kama tulivyoifanya iwe. Hiyo ni mizani nyingine, na sahani yake moja tumeishika sisi.

Nilirudi kwa mzee nikamweleza yote, hata lile la tatu, ingawa niliona haya kulisema. Alinyamaza kwa muda. Akauliza bei ya ile meli kwa shilingi, nikamtajia, akatikisa kichwa. Halafu akaniambia nichukue kalamu.

Akasema, mwandikie apande meli yake, asiwavunje watoto moyo. Na mwakani aje. Asitangaze siku. Chumba cha uani kimepigwa lipu, kina mlango wake mwenyewe. Siku mbili za kwanza mimi nitakaa kibarazani, na kila ajaye nitamwambia mwanangu analala, rudi. Siku ya tatu nitampa jembe, kama wazee walivyosema, na watoto wake wataona baba yao anavyolima vibaya.

Niliandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Jibu lilikuja baada ya majuma mawili, nalo lilikuwa na swali moja tu: je, barabara ya kutoka Mugumu hupitika mwezi wa Aprili, shule za huko zinapofungwa?

Nimemjibu kwamba huo ni wakati wa masika, hupitika kwa taabu, na achukue gari la juu.